Mtiare Wenye Njaa

Asubuhi ile Teuira alitoka na bakuli lake kwenda kuchuma matumba kabla jua halijayafungua, akayakuta yote chini. Hayakuwa mawili matatu, maana hayo kila mti una haki ya kuyadondosha. Yalikuwa ishirini na saba, bado ya kijani, yamelala kwenye mchanga mweupe chini ya mtiare, mti wake wa maua meupe ya kunukia, kana kwamba mtu ameyamwaga. Aliyaokota moja moja, akayatia bakulini, kisha akasimama palepale asijue la kufanya nayo. Tumba lililodondoka halifunguki tena. Huwezi kulitia uzi, huwezi kuliloweka kwenye mafuta ya nazi, huwezi hata kulipachika sikioni ukaenda nalo dukani.

Majani nayo yalikuwa yamebadilika. Mtiare mzima una majani ya kijani kizito yanayong'aa mwaka mzima, iwe jua iwe mvua. Huu ulikuwa umepauka, majani yamegeuka manjano na mishipa peke yake ndiyo iliyobaki na rangi yake. Teuira alikuwa ameliona jambo hilo miezi kadhaa nyuma, akajifanya halioni. Sasa alihesabu. Ilikuwa wiki ya saba mwanawe Vaiarii hajapiga simu.

Mtu wa kwingine angesema mti ni mti na mtoto ni mtoto. Kwetu kisiwani Maupiti hakuna anayelisema hilo kwa sauti. Mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma halitupwi. Linaletwa nyumbani, linafukiwa uani, na juu yake unapandwa mti. Tangu siku hiyo mtoto na mti wanakua pamoja, na mti ukinyauka mama mtu halali. Wapo wanaopanda mshelisheli, wapo wanaopanda mnazi. Teuira alipanda mtiare, kwa sababu alitaka kitu cha kukaa karibu na dirisha, kinachonukia asubuhi na jioni, kisichopukutika majani msimu wowote. Watu walimcheka, wakamwambia mtoto wa kiume hapandiwi maua. Aliwaambia wakazae wao, wapande wanachotaka.

Neno hilo lilimchoma yeye mwenyewe kuliko wao, maana hakuwahi kuzaa. Vaiarii alizaliwa na binamu yake Roti, binti wa mama yake mdogo, huko Uturoa kwenye kisiwa cha Raiatea. Roti alikuwa na miaka ishirini, hana mume wala kazi. Teuira alikuwa na thelathini na minane na nyumba tupu. Wakakubaliana kama watu wetu wanavyokubaliana siku zote, bila karatasi wala hakimu: mtoto atalelewa Maupiti, atamwita Teuira mama, atamwita Roti Mama Roti, na hatafichwa jambo. Teuira alirudi na boti, mtoto kifuani, na miguuni pake sanduku la barafu lenye kopo la aiskrimu lililozungushwa utepe. Humo ndimo lilimokuwa kondo. Roti alikuja naye, akakaa siku tatu. Baba yake Teuira alilifukia kopo lile kwa mkono wake alfajiri ya pili, akavua kofia, akaomba dua ndefu mpaka mtoto akaanza kulia.

Ni miaka ishirini na mitatu sasa. Baba yuko kwenye ua uleule, kwenye kaburi la saruji lenye kipaa cha bati, ubavuni mwa mama. Vaiarii yuko Ufaransa, jeshini, mwaka wa tano huu. Teuira alibaki na makaburi mawili, kuku wanne na mtiare.

Na mtiare ndio aliokuwa akizungumza nao. Chini yake alifagia kila jioni, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchuma hata tumba moja. Vaiarii alipokuwa na miaka tisa akavunjika mkono, tawi la upande wa bahari lilivunjika siku hiyohiyo, na kisa hicho Teuira alikisimulia kanisani, dukani na gatini mpaka watu wakawa wanakimalizia wenyewe. Siku Vaiarii alipokula kiapo cha jeshi, mtiare ulifungua maua sitini na moja. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, simu ilipolia, neno la kwanza la kijana lilikuwa lilelile: "Mama, mtiare wangu haujambo?" Teuira alipousifia mti alikuwa akijisifia malezi yake, alilijua hilo, na hakuona haya.

Sasa mti ulikuwa unakufa na simu imenyamaza, na Teuira hakuwa na shaka kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

"We Teuira, unauombea au unaulaani?"

Alikuwa Petero, mgane wa nyumba ya pili, anatoka kwenye mitego yake na mtungo wa samaki mkononi.

"Pita na samaki wako, Petero."

"Hawa ni wako. Pono wawili, bado wanashangaa wamekufaje."

"Pono wawili nile na nani? Kawape wenye watoto."

"Hiyo nyama yako ya kopo itakuua. Tutakuzika na kopo lako mkononi."

"Nizikeni nalo. Angalau halina miba."

Petero alicheka, akatazama mtiare, akaacha kucheka. "Kijana hajapiga?"

Teuira akainama kuokota tumba ambalo halikuwepo. Petero alikuwa mtu wa maneno mengi lakini si mpumbavu, akaenda zake na mtungo wake. Mchezo huo waliucheza kila wiki. Yeye alileta samaki, Teuira akamrudisha nao. Tangu Vaiarii aondoke, Teuira alikuwa amejizoesha mkate, chai, nyama ya kopo, na shelisheli la kuchoma siku akijisikia kuwasha moto. Kupara samaki mmoja kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia uchungu asioweza kumweleza mtu, basi akaacha.

Aliuhangaikia mti wiki nzima. Aliyaosha majani kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, juu na chini, akitafuta wadudu, hakuwakuta. Alimwagilia asubuhi, akaona labda maji yamezidi, akaacha, akaona labda yamepungua, akamwagilia tena. Alirundika makumbi ya nazi kwenye shina kuzuia jua. Jioni aliketi kwenye ngazi na sinia la makome mapajani, akatunga.

Hayo makome yalikuwa siri ambayo si siri. Kwetu mgeni akishuka kwenye boti anavikwa koja la maua, na siku ya kuondoka anavikwa koja la makome, ili akumbuke njia ya kurudi. Vaiarii alikuwa ameahidi kuja Krismasi. Teuira, ambaye hakuwa na la kufanya jioni zake, alikuwa ameanza kumtungia koja la kuondokea tangu mwezi wa tatu, vikome vidogo vyeupe, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano. Mtu mwenye akili hatungi koja la kumuaga mgeni ambaye hajafika, ni kama kumfukuza. Teuira alilijua hilo pia. Lakini vidole vinataka kazi, na koja lilikuwa limefika nyuzi sita.

Jumatano alipiga namba ya Vaiarii mara tisa, na mara tisa sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba haiwezekani. Ndipo akafanya jambo ambalo hakulifanya isipokuwa mwaka mpya na misiba. Alimpigia Roti.

"Roti, mtoto amekupigia?"

"Hapana, dada. Mimi hunipigia sikukuu tu. Kuna nini?"

"Mtiare unakufa."

"Unakufaje?"

"Umedondosha matumba yote. Majani manjano matupu. Roti, mtoto ana jambo. Yuko mahali ameumia na hakuna anayetuambia. Silali mwenzio, nakaa dirishani nautazama mti."

"Nakuja Ijumaa," Roti akasema.

"Uje kufanya nini? Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu. Nakuja, dada."

Jibu hilo lilimtisha kuliko wiki saba za kimya. Mtu hapandi boti kutoka Raiatea, apite kwenye mlango ule wa bahari unaotapisha hata mabaharia, kwa sababu ya majani ya manjano. Teuira aliamini kwamba Roti amepata habari na anakuja kuileta kwa mdomo wake. Alhamisi nzima alipanga jinsi atakavyosimama akiisikia.

Ijumaa boti lilifunga gati saa nne za asubuhi. Teuira hakuwa na ua hata moja la kumvika mgeni, akamtungia Roti koja la majani ya jimbi la mwituni, la haraka haraka, la aibu. Roti aliinamisha kichwa akavikwa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu sasa, amenenepa kidogo, vidole vyake vimeingia weusi wa utomvu, maana kazi yake ni kutunga makoja sokoni Uturoa. Hata harufu yake ilikuwa ya tiare. Teuira aliisikia akaionea wivu.

"Sema," Teuira alimwambia palepale gatini.

"Twende nyumbani kwanza."

"Amekufa?"

"Hajafa, dada. Sina habari zake kabisa. Twende nyumbani."

Roti hakuingia ndani. Aliweka kikapu chake kwenye ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye mtiare. Alishika jani, akaligeuza, akalipitisha kati ya vidole. Akapiga magoti, akachota mchanga wa chini ya shina, akaunusa.

"Maji ya samaki mnamwaga wapi hapa?"

"Samaki gani?"

"Mkishapara samaki. Yale maji, na matumbo."

"Nani anapara samaki kwenye nyumba hii?" Teuira alisema. "Vaiarii ndiye alikuwa anaparia hapo, kila siku, kwenye jiwe hilo. Nilikuwa namgombeza kwa nzi. Tangu ameondoka, nimparie nani?"

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Roti alikuwa bado amepiga magoti.

"Mchanga huu hauna kitu," Roti alisema polepole. "Ni mchanga mtupu wa bahari. Wangu kule naumwagia maji ya samaki kila jioni, ungeuona ulivyo. Mti huu hauna habari yoyote ya mtoto, dada. Una njaa tu. Miaka mitano haujala."

"Una njaa kwa sababu yeye ana shida."

"Hapana."

"Wewe unajuaje? Umeupanda wewe?"

Roti akainuka, akajipangusa magoti. Hakumtazama Teuira usoni, alitazama kaburi la mzee.

"Kwa sababu kondo lake haliko hapo."

Kuku mmoja alikuja akadonoa makumbi. Teuira alimfukuza kwa mguu, kwa utulivu kabisa, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu.

"Baba alilifukia hapo. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi alifukia nini?"

"Ini."

"Ini la nani?"

"La ng'ombe. La duka la Mchina pale Uturoa." Roti alianza kulia, lakini aliendelea kusema, kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika zamani. "Nilikuwa na miaka ishirini. Mlikuja na sanduku la barafu, na vitambaa, na jina la mtoto tayari. Nikasema sawa, mtoto mchukueni, mtamlea vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nataka kweli. Ila usiku wa kuamkia safari nikaona nitabaki na nini. Nikalitoa kwenye kopo nikatia ini. La kwake nikalifukia nyuma ya nyumba ya mama, baadaye nikapanda mtiare kama wako. Nilitaka tu pawe na mahali."

"Baba yangu aliliombea hilo ini."

"Najua."

"Alivua kofia."

"Najua, dada. Nilikuwa nimesimama hapa. Nilidhani Mungu atanipiga radi."

Teuira alitaka kusema mengi. Alitaka kusema miaka ishirini na mitatu amefagia, amemwagilia, ameamka kabla ya ndege, ameongea na kichaka kilichopandwa juu ya mboga ya mtu. Alitaka kuuliza ni nani mwingine anajua. Badala yake aliingia ndani, akalala kitandani na viatu vyake, uso ukutani. Alimsikia Roti barazani akikohoa. Alimsikia akiosha vikombe. Saa tisa honi ya boti ililia, alimsikia Roti akisimama mlangoni kitambo, halafu hatua zake zikishuka ngazi peke yake.

Ndivyo Roti alivyoondoka Maupiti mchana kweupe na shingo tupu, na kisiwa kizima kikaona.

"Hata mkaguzi wa mizani tunamvika," Petero alisema jioni, amesimama barabarani, safari hii hana mtungo wala utani. "Amekukosea nini mtoto wa watu?"

"Nenda nyumbani, Petero."

Jumamosi aliinuka akachukua panga. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililokuwa baya. Hasira ingemweka mtu mwingine ndani ya nyumba. Alijisikia mpweke kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Hata yule aliyekuwa akizungumza naye hakuwa mtu, na hakuwahi kuwa. Maua sitini na moja hayakuwa kwa ajili ya kiapo. Yalikuwa maua tu, mwezi wa maua.

Alitafuta pa kuanzia. Akaanzia upande wa bahari, na panga likiwa juu akaliona lile kovu, pale tawi lilipovunjika miaka kumi na minne iliyopita. Akakumbuka siku ile ilivyokuwa hasa, si jinsi alivyokuwa akiisimulia. Vaiarii alikuwa amepanda juu ya paa kufuata mpira. Akateleza. Akaanguka juu ya mtiare, akavunja tawi na mkono kwa mpigo mmoja. Bila mti ule angeangukia saruji ya kaburi. Miaka yote hiyo Teuira ameutangazia ulimwengu kwamba mti ulivunjika kwa kumhurumia mtoto, na mti ulivunjika kwa sababu mtoto aliudondokea.

Alicheka peke yake uani, panga mkononi. Kicheko kikageuka, akakaa kwenye jiwe la kuparia samaki akalia mpaka shingo ikamuuma. Mti hakuukata. Panga alilirudisha nyuma ya mlango, akala mkate bila chai, akalala.

Jumapili alikuwa ameshavaa gauni jeupe na kofia ya kanisani simu ilipolia.

"Mama."

Alikaa chini na kofia yake. "Uko wapi wewe?"

"Nimetoka msituni jana. Guyana, ile ya Wafaransa. Walitupeleka ghafla, simu zikabaki kambini. Wiki nane, mama, mbu na matope. Nimekonda, ungeniona ungenikana."

"Ningekukana kweli. Wiki nane unaniacha nazungumza na mwanamke wa Kifaransa."

Vaiarii alicheka, kicheko chake kilekile cha puani. Kisha akasema lile lingine haraka, kama anavyosema mtu aliyelifanyia mazoezi. "Mama, Krismasi siji. Nimesaini tena. Miaka mitano."

Teuira alitazama sinia la makome mezani. Nyuzi sita.

"Umeshasaini?"

"Nimeshasaini."

"Haya," alisema. Kengele ya kanisa ilianza, ikaisha. Hakuna aliyekata simu.

"Mtiare wangu haujambo?" Vaiarii akauliza.

Angeweza kusema haujambo, angefunga simu, angeenda kanisani. "Una njaa," alisema. "Umeacha kula tangu ulipoondoka."

"Humwagii maji ya samaki?"

"Simwagii."

"Na wewe unakula nini?"

Teuira alilisukuma kopo la nyama nyuma ya sinia.

"Mama Roti alinipigia jana," Vaiarii alisema. "Analia hata simwelewi. Ameniambia amekuambia."

"Kumbe unajua."

"Najua tangu nina miaka kumi na miwili. Ile likizo niliyokwenda Uturoa. Alinionyesha ule wa kwake, akaniapisha."

"Miaka kumi na moja unanitazama nafagia chini ya ini."

"Ningekuambia ungeukata."

Teuira alilitazama panga nyuma ya mlango. "Sasa kama ulikuwa unajua, kila Jumapili ulikuwa unaniuliza nini? Mtiare wangu, mtiare wangu. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikucheki. Ni wangu ule. Nimeuangukia, nimeukojolea, nimeulisha samaki miaka yote. Nikifumba macho huku nausikia unavyonukia. Ule wa Uturoa ni wa Mama Roti. Yeye hana kingine changu, mama. Wewe ulinipata mimi."

Nje ya dirisha upepo ulipita, tumba moja likadondoka. Teuira hakuhesabu.

"Halafu," Vaiarii akaongeza, "ni kweli umemwacha kaondoka shingo tupu?"

"Nani kakuambia?"

"Mama, nimewasha simu na Maupiti nzima imeniambia."

Siku hiyo alifika kanisani wakati wa wimbo wa mwisho, akakaa nyuma, hakumtazama mtu.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Petero barabarani. Petero alipomwona amenyoosha mkono alisimama, akauficha mtungo nyuma ya mgongo.

"Wewe ni nani na Teuira umemweka wapi?"

"Nipe pono mmoja."

"Una mgeni?"

"Sina mgeni. Nipe wawili, na usiseme kitu."

Petero alimpa watatu na kweli hakusema kitu, jambo ambalo lilikuwa gumu kwake. Teuira aliketi kwenye jiwe la Vaiarii. Mikono ilikuwa imesahau. Magamba yalimrukia usoni, kisu kikateleza, mwiba ukamchoma kidole gumba. Matumbo aliyafukia kwa jembe dogo kuzunguka shina, kisha akayamwaga maji yote, ya damu na magamba, polepole, mpaka mchanga ukanywa. Nzi walikuja, akawaacha. Alichemsha samaki kwa tui na ndimu, akapakua, na mkono wake wenyewe ukamwekea kichwa mtu asiyekuwepo, kwa sababu Vaiarii ndiye aliyekuwa akila vichwa. Alikitazama kichwa kile kitambo. Halafu akakila, macho na yote, na kilikuwa kitamu.

Usimdhanie amepona. Nyumba ilikuwa tupu vilevile, na miaka mitano ni miaka mitano. Lakini jioni ile alilimaliza koja la makome, akafunga fundo.

Boti la Jumatano lilipokuwa linapakia, alimfuata nahodha Tihoni, akamkabidhi mfuko wa kitambaa. Tihoni alichungulia ndani, akapiga mluzi.

"Nyuzi sita. Hili si lile la kijana wako?"

"Lilikuwa lake. Mpelekee Roti, yule mtunga makoja wa sokoni Uturoa. Usimpe mkononi. Mvike."

"Nimvike mimi, mbele ya watu wa soko?"

"Mbele yao hao hao. Mwambie ni la Ijumaa."

Tihoni alimtazama, akaufunga mfuko vizuri, akauweka kwenye chumba cha usukani, mahali pakavu. Teuira hakungoja boti litoke. Alikuwa ameacha ndoo ya maji ya samaki uani, na jua lilikuwa linapanda.